Nati Mbili za Kushoto

Asubuhi ile nilifunga mlango wa chumba nilichokuwa nimepanga Bukoba mjini, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikatoka na begi moja bila kujua naenda wapi. Kwangu hilo si jambo geni. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu hakuweza kunieleza kwa nini maji ya ziwa letu hayana chumvi na ya bahari yana chumvi, nikaona heri nikaulize kwingine. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kwingine. Nimevua dagaa, nimechoma matofali, nimebeba magunia bandarini Kemondo, na kila mahali nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha. Sasa nina miaka thelathini na minane na begi ni lile lile.

Kwenye maduka ya spea nikakuta wanaume watatu wakihangaika kupandisha chuma kikubwa kwenye pikapu. Ilikuwa ekseli ya nyuma ya gari, nzima, yenye ngoma za breki huku na huku na kibuyu cha chuma katikati. Ilihitaji mtu wa nne. Nikaweka begi chini, nikashika upande mmoja.

"Taratibu, mzee," akasema kijana mwenye ovaroli, ambaye nilimzidi miaka kumi au zaidi. "Ikikuangukia mguuni, wewe utaondoka na mguu utabaki hapa."

"Mnaipeleka wapi?"

"Kanazi."

"Kanazi kuna nini?"

"Kuna gari ambalo halina hii."

Nikacheka, na kabla sijamaliza kucheka nilikuwa nimeshakaa juu ya ile ekseli nyuma ya pikapu, begi kati ya miguu. Kijana mwenye ovaroli ndiye alikuwa fundi. Alikuwa amesomea chuoni, zana zake zilikuwa zimepangwa kwenye gunia kwa ukubwa, na aliniruhusu kuuliza maswali njia nzima. Akanieleza kwamba gari ni la mama mmoja wa Kamachumu, mwalimu mstaafu, na kwamba limeinuliwa: springi zimeongezwa, na kati ya springi na ekseli pamewekwa vipande vya chuma ili gari lisimame juu zaidi ya lilivyotengenezwa. Huko milimani Muleba, masika yakiingia, gari la kawaida hukwaruza tumbo. Mama huyo alikuwa amemleta mama mkwe wake Bukoba kutolewa mtoto wa jicho, na wakati wa kurudi ekseli ikapasuka mahali palipokuwa pamechomelewa zamani. Kwa bahati ilipasukia karibu na nyumba ya jamaa zao. Siku ya tatu sasa walikuwa wamekaa hapo, na bibi alikuwa anataka kwake.

"Ekseli inashikiliwa na nini?" nikauliza.

"Utaona. Kama una haraka, shuka. Kama huna, utanisaidia kukaza."

Sikuwa na haraka.

Gari tulilikuta pembeni mwa kibanja, kati ya migomba, la kijani, refu kiasi kwamba mbuzi alikuwa amelala chini yake bila wasiwasi. Gurudumu la nyuma upande wa kulia lilikuwa limelala nje kama mguu uliovunjika. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na rweya, ule uwanda wa nyasi usiolimwa, ardhi yake ngumu ya kokoto ambayo tangu utoto tunaambiwa haifai kitu.

Dereva wa pikapu alikuwa na kamba. "Nalivuta mpaka kule rweya," akasema. "Mtafanya kazi pakavu."

Mama mwenye gari akatazama mawingu juu ya ziwa. Alikuwa mwanamke mrefu, kanga kiunoni, na alizungumza kama mtu aliyezoea darasa kunyamaza. "Kule hakuna hata kivuli. Na mvua hiyo inakuja."

Fundi akasita. Mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema, "Hapa hapa panatosha. Udongo wa kibanja ni udongo mzuri."

Nimezaliwa Kaagya. Sentensi hiyo nimeisikia kwa baba yangu mara nyingi kuliko jina langu. Kibanja hulishwa: majani makavu, samadi, maganda ya ndizi, mwaka hadi mwaka, mpaka udongo unakuwa mweusi na laini kiasi cha kuzamisha kidole bila nguvu. Wote pale walikuwa Wahaya, na wote waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyefikiri kwamba udongo mzuri kwa mgomba unaweza kuwa mbaya kwa jeki.

Tukaweka jeki juu ya kipande cha ubao, tukainua gari nyuma, tukapanga magogo ya mkaratusi chini ya chesisi, ile mifupa ya gari, pande zote mbili. Kuitoa ekseli iliyokufa kulituchukua mpaka jua likawa utosini. Fundi alifungua propela, ule mhimili mrefu unaozungusha ekseli kwa nguvu ya injini, akafungua bomba la breki, akanionyesha zile bolti zilizokunjwa kama kwato za ng'ombe zinazoikumbatia ekseli na kuifunga kwenye springi. Yubolti. Kila upande una mbili, na kila moja ina nati mbili.

"Nane tu?" nikasema. "Gari lote hili?"

"Nane tu. Hizi zikilegea, ekseli inatembea. Ikitembea mbele au nyuma kidogo tu, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Propela ikichomoka, hujui utaishia wapi."

Nati za zamani akazitia kwenye kopo la maziwa. Hatupi nati, aliniambia; nati ni kama mjomba, humhitaji mpaka siku unayomhitaji.

Mlangoni, juu ya mkeka, alikaa bibi. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa bandeji nyeupe, na la pili, alisema mwenyewe, lilikuwa likingoja zamu. Mapajani alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani ya harufu kisha kuanikwa na maganda yake. Akaniita.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Kaagya, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Kaagya si mtu. Chukua kahawa." Nikanyoosha mikono miwili, akanitilia buni chache. "Ukishatafuna kahawa yangu, wewe si mpita njia. Nataka kulala kitandani kwangu leo, umesikia? Si kesho. Kitanda cha watu kimenivunja mgongo kuliko daktari alivyonivunja jicho."

"Utalala kwako, waitu," nikasema. Niliahidi hivyo, mdomo ukiwa umejaa kahawa.

Mchana tulisukuma ekseli mpya chini ya gari, tukaipandisha kwa jeki mpaka ikagusa springi. Kuna kichwa cha bolti katikati ya springi ambacho lazima kiingie kwenye tundu lake, na kilipoingia kikatoa mlio mdogo nilioufurahia kama mtu aliyetegua kitendawili. Tukapitisha yubolti, tukashikiza nati zote nane kwa vidole. Fundi akalala upande wa kulia, mimi kushoto, kila mtu na spana yake, na mimi nikaanza na nati za mbele.

Nilikuwa nimelala chali, kichwa karibu na kibuyu. Niliona tope kavu la miaka kwenye chesisi, na utando wa buibui. Nilikuwa namwuliza fundi swali. Hata leo silikumbuki swali lenyewe. Nikasikia sauti kama ya mtu mnene anayekaa kwenye kochi. Haikuwa kubwa. Kisha utando wa buibui ukaja kwangu.

Gogo la kushoto lilikuwa limezama. Lilikuwa linazama tangu asubuhi, kidogo kidogo, kwenye ule udongo mzuri, na ubao wa jeki ukapinda, na gari lote likainamia upande wangu. Ngoma ya breki ndiyo iliyogonga ardhi na kulizuia. Chuma cha chesisi kilisimama kikiwa kimegusa kifungo cha shati langu. Nilivuta pumzi, kikanigusa kifua. Nikatoa pumzi, kikaniacha. Nilijua kwamba nikivuta pumzi kubwa nitakibeba mwenyewe.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama kati ya migomba, mbali kabisa, na sauti ya bibi mlangoni: "Nani huyo anayekimbia kama mbuzi aliyeona kisu?"

Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa ametoka upande wake kwa wakati. "Mzee, uko mzima?"

"Mzima," nikasema. Nikacheka pia. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile, baada ya lile la udongo. Kama ningesema hapo hapo kwamba siingii tena, hakuna ambaye angenilaumu.

Tukang'oa mawe bapa ya uani, tukayapanga chini ya jeki, tukainua upya. Kazi zote za nje nilizifanya kwa bidii ya mwizi aliyeitwa kushuhudia: nilileta magurudumu, nilifunga nati zake, nilikanyaga breki fundi alipokuwa akitoa upepo kwenye mabomba. Hatimaye gari likashushwa, likasimama kwa miguu yake minne, refu, limenyooka. Mama akapiga makofi.

"Bado," fundi akasema. "Mkazo wa mwisho hufanywa uzito ukiwa chini. Mzee, kushoto. Mimi kulia, halafu nifunge propela, mvua hii hapa."

Akaniona nasita. "Sasa limesimama lenyewe. Haliwezi kukufanya kitu."

Alisema kweli, na mimi nilijua ni kweli. Akili yangu ilikuwa upande wake kabisa. Mwili ndio haukuwa. Nilijilaza, nikaingiza kichwa na mabega, nikakaza zile nati mbili za mbele kwa spana na kipande cha bomba, vizuri, mpaka zikagoma kusogea. Nati mbili za nyuma zilitaka niingie mwili mzima, nijilaze chini ya kibuyu ili spana ipate nafasi ya kuzunguka. Nikavuta kiuno kidogo. Springi ikalia, mlio wa kawaida wa chuma kinachokaa sawa, na nikaganda pale pale. Kifungo cha shati kilinichoma kama kaa la moto.

Nikanyoosha mkono tu. Spana ilifika kwenye nati moja, sikuweza kuizungusha. Juu yangu tumbo lote la gari lilikuwa linanisikiliza. Nikaigonga ile spana kwenye chuma, mara tatu, mara nne, mlio wa mtu anayefanya kazi.

"Huyo anakaza au anapiga ngoma?" bibi akauliza kutoka mlangoni.

Kicheko tena.

"Kushoto tayari?" fundi akaita kutoka ng'ambo ya propela.

"Tayari."

Neno dogo. Nimesema maneno makubwa ya uongo katika maisha yangu, kwa wenye nyumba na kwa wanawake, na hakuna lililonilemea kama hilo. Mvua ikaanza kudondoka juu ya majani ya migomba. Fundi akakusanya zana. Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu ndiye aliyenileta, na kwamba kama sina ninakokwenda nipande, Kamachumu ni pazuri, mtu mwenye mikono hakosi kazi. Bibi akasindikizwa mpaka kiti cha mbele, akapandishwa kwa kubebwa kwa sababu gari lilikuwa juu mno, akilalamika kwamba hata ng'ombe huwekewa daraja.

Fundi nami tukakaa nyuma, kwenye mabenchi ya pembeni, kila mtu upande wake, mimi kushoto, turubai limefungwa kwa kamba. Alikuwa anakuja kulijaribu gari, kisha angerudi kwa bodaboda. Kabla hatujafika lami alikuwa amelala. Alilala kinywa wazi, mkono juu ya gunia la zana, kama mtoto nyumbani kwao, na kila alipokoroma nilihisi ameniwekea jiwe kifuani.

Kwenye lami gari lilikwenda vizuri. Nikaanza kujidanganya. Nilijiambia kwamba vidole vyangu ni vya mvuvi, vina nguvu. Kwamba mafundi hupenda kutisha watu. Kwamba nati sita zinaweza kufanya kazi ya nane, kama vile watu sita wanavyoweza kubeba jeneza. Kisha nikakumbuka kwamba watu sita hubeba jeneza.

Kemondo mama akapunguza mwendo, akafungua kidirisha kilichokuwa nyuma ya kiti chake. "Si umesema uliwahi kubeba magunia hapa bandarini? Unashuka au tunapanda wote?"

Niliona njia ya kuelekea majini, niliona hata paa la ghala nilimokuwa napanga magunia. Begi lilikuwa mapajani. Maisha yangu yote nimeshuka mahali kama hapo. Ningeshuka, ningemshukuru, ningenunua samaki wa kukaanga, na nisingejua kamwe. Hata kama wangefika salama nisingejua, na hata kama wasingefika. Nilifikiri juu ya hilo la kutojua, mimi ambaye niliacha shule kwa sababu ya chumvi, na nikaona siliwezi.

"Tunapanda wote," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Ujasiri huo ulikuwa wa nusu tu. Kama ungekuwa mzima ningesema na lililobaki.

Muhutwe tukaacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imetutangulia na kuchimba mifereji kwenye udongo mwekundu. Hapo ndipo nilipousikia mlio. Tk. Gurudumu likiingia shimoni, tk. Likitoka, tk. Mlio mdogo, chini ya miguu yangu, kushoto. Nikamtazama fundi, amelala. Nikafungua kamba ya turubai nikachungulia nje. Kati ya gurudumu la nyuma na chuma cha bodi, mbele ya gurudumu, kulikuwa na nafasi. Nikaipima kwa mkono: ngumi moja, bila kubana.

Kushoto kwetu mlima ulikuwa unateremka. Niliona vilele vya migomba chini, kisha vilele vingine chini ya hivyo, kisha ziwa, la kijivu, halina mwisho. Gari lilipanda likikunja kona, na mama aliimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, na bibi alimrekebisha maneno.

Tk. Tk.

Nikapima tena. Ngumi haikuingia. Vidole vitatu.

Nilitaka kusema, na sikusema. Ninajua watu hudhani hofu hukupa mbio. Hofu ya mchana ilinipa mbio. Hii ya jioni ilinikalisha. Nilikuwa naogopa gari, naogopa korongo, na juu ya vyote, aibu iliyoje, nilikuwa naogopa uso wa yule kijana akiamka. Gari likaanza kwenda kiubavu kidogo, kama mbwa anavyokimbia, pua huku na mkia kule. Mama akasema, "Usukani unavuta," akauvuta upande wa pili. Nikashusha mkono mara ya tatu. Vidole viwili, na mpira ulikuwa unanuka moto.

Mbele yetu kona kali zaidi.

"Simama!" nilipiga kelele. Nilipiga kidirisha kwa kiganja. "Mama, simama! Simama hapo hapo!"

Akasimama. Fundi aliruka kutoka usingizini akashika gunia. Mvua ikasikika juu ya turubai.

"Nini?" mama akasema.

"Nati mbili za kushoto," nikasema. "Za nyuma. Sikuzikaza."

Fundi alinitazama. "Ulisema tayari."

"Nilisema."

"Nilikuuliza, ukasema tayari. Sikukagua kwa sababu nilikuuliza."

Hakunitukana. Alishuka, akatafuta mawe manne barabarani, akayasukuma nyuma ya magurudumu kwa kisigino, akaingia chini na taa ya simu. Nilishuka nikasimama mvuani. Alikaa kule chini muda mrefu. Alipotoka hakuwa na kitu mkononi.

"Moja haipo," akasema. "Ya pili nimeizungusha kwa kidole. Springi imeshaanza kutoka kwenye tundu lake. Ile kona pale…" Hakuimaliza.

Mama alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, mguu juu ya breki. Hakugeuka. "Mume wangu yuko Mwanza," akasema polepole. "Angepigiwa simu. Angeambiwa kwamba mama yake, aliyetoka hospitali akiwa mzima, anaona hata zaidi ya alivyokwenda…" Heri angepiga kelele.

"Bibi ashuke kwanza," fundi akasema.

"Sishuki," bibi akasema. "Nimepandishwa kama gunia mara moja, inatosha. Fungeni kitu chenu."

Fundi alifungua kopo la maziwa, akamimina nati za zamani kiganjani, akachagua moja, akaijaribu kwenye kidole, akaipaka grisi. Kisha akaweka jeki kati ya bodi na ekseli, akaisukuma ekseli irudi nyuma, akiwa amelala nusu chini ya gari, mpaka tukasikia ule mlio mdogo wa kichwa cha bolti kikiingia nyumbani kwake. Mara hii haukunifurahisha. Akatoka, akanipa nati na spana na kile kipande cha bomba.

"Ingia."

"Fundi, wewe…"

"Mimi nina mikono. Wewe pia unayo. Ingia, mzee."

Sikuingia kwa sababu hofu ilikuwa imeisha. Ilikuwa imeongezeka: tulikuwa kwenye mteremko, juu ya tope, tumeshikiliwa na mawe manne, na mguu mmoja wa mwanamke niliyemdanganya ulikuwa juu ya breki. Niliingia kwa sababu kila mahali pengine pa kusimama palikuwa pamekwisha. Nilijilaza kwenye maji yanayotiririka, nikaingiza kichwa, mabega, kiuno. Springi ikalia. Nilifumba macho, nikapapasa kwa vidole, nikaipata bolti tupu, nikaivalisha nati. Ilikataa mara mbili, ikakubali ya tatu. Nilikuwa nasikia meno yangu. Nilisikia pia, juu, kupitia sakafu ya gari, bibi akisema kitu kwa Kihaya na mkwewe akimjibu, sauti za kawaida, na nikatambua kwamba uzito wote ulio juu ya kifua changu ulikuwa na watu ndani yake.

Nilikaza. Spana robo mzunguko, toa, rudisha, robo tena, mpaka bomba likagoma. Kisha ya pili. Kisha nikazirudia za mbele, ambazo nilijua zimekaza. Fundi akaingia baada yangu akazipima zote nane mwenyewe, akichukua muda wake.

"Sasa ni tayari," akasema.

Kona ile tuliipita kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Hakuna aliyeimba. Nilikuwa na mkono nje ya turubai njia nzima, ngumi kati ya mpira na bodi, na ngumi iliingia kila mara, na kila mara niliogopa haitaingia.

Juu Kamachumu kulikuwa na ukungu na harufu ya moshi wa jioni. Nilikuwa nimepita chini ya mlima ule mara nyingi bila kuupanda. Nyumba ya mama ilikuwa ya matofali, kibanja mbele na nyuma, na uani mahali pa kuanikia kahawa palipotandazwa saruji. Bibi alishushwa, akashika ukuta wa nyumba yake kwa kiganja, akausugua kama mtu anayemtambua mnyama wake. Nikatundika begi begani. Nilijua kitakachofuata, nimeshafukuzwa kwingi, na safari hii nilistahili.

"Kituo cha bodaboda kiko wapi?" nikamwuliza mama.

Kabla hajajibu fundi alisema, akifunga gunia lake, "Nati zikishatembea na uzito hulegea kidogo. Kesho asubuhi zikazwe tena, gari likiwa limepoa, kabla halijawashwa. Zote nane. Mimi usiku huu lazima nirudi, kuna mtu ananingoja Kanazi."

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi, kwa macho ya mwalimu aliyekuta daftari tupu. "Nani atazikaza?"

Mimi nilitazama saruji.

"Si mpiga ngoma yupo?" bibi akasema kutoka mlangoni. "Alitafuna kahawa yangu. Aliniambia nitalala kwangu leo, na nimefika. Alale kwenye stoo. Asubuhi nitakaa hapa nisikilize, na jicho hili moja."

Mama akasema, "Usisogeze magunia," akanitangulia na taa.

Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, magunia ya kahawa mpaka darini, na kitanda cha kamba chenye blanketi moja. Ilinukia kama utoto wangu. Aliniletea sahani ya ndizi na maharage, akaiweka juu ya ndoo, akatoka, mlango akauacha wazi. Fundi alikuja mara moja kuaga. Aliweka spana na kipande cha bomba juu ya gunia, karibu na mto.

"Utanirudishia ukipita Kanazi," akasema. "Nitakuuliza."

Nikasikia bodaboda ikishuka mlima mpaka mlio wake ukapotea. Kupitia mlango niliona gari uani, limesimama juu ya saruji ngumu, refu, giza chini ya tumbo lake. Nilikula. Sikuwa nimewahi kuona mahali pakavu na salama kama pale pa kulala chini ya gari, na bado kifungo cha shati kilikuwa kinanichoma. Nikalisukuma begi chini ya kitanda.